Walioachwa Nje: Kuyaelewa Mageuzi ya Marekani Mwanzoni mwa Karne ya 20

Mwaka 1913 Marekani ilifanya mambo ambayo mtu akiyasoma harakaharaka atadhani ni ya nchi mbili tofauti. Februari, katiba ilirekebishwa ili serikali kuu iweze kutoza kodi ya mapato. Machi 3, maelfu ya wanawake waliandamana katikati ya jiji la Washington kudai haki ya kupiga kura. Aprili 8, marekebisho mengine ya katiba yaliwapa wananchi haki ya kuwachagua wenyewe maseneta wao, kazi ambayo hadi hapo ilikuwa ya mabunge ya majimbo. Siku tatu baadaye, katika kikao cha baraza la mawaziri la Rais Woodrow Wilson, waziri wa posta Albert Burleson alileta hoja ya kuwatenga watumishi weusi na weupe katika ofisi za serikali, na rais hakumzuia. Miezi michache baadaye ofisi hizo zilikuwa na mapazia ya kutenganisha meza, vyumba vya kulia vya peke yake na vyoo vya peke yake.

Wengi wa waliosimamia mambo hayo walijihesabu kuwa watu wa kundi moja, wapenda maendeleo, na kipindi chao, takriban kuanzia miaka ya 1890 hadi 1920, kimebaki na jina hilo: Enzi ya Maendeleo. Msomaji anayekutana nacho mara ya kwanza huchanganyikiwa, na ana haki. Walikuwa watetezi wa wanyonge au wabaguzi? Walitaka watu wengi zaidi wapige kura, au wachache zaidi? Njia iliyonisaidia mimi ni kuisoma kila sheria yao mara mbili. Mara ya kwanza natazama inamlinda nani. Mara ya pili namtafuta aliyeachwa nje, na sababu ya kuachwa kwake. Mara nyingi hakusahauliwa. Kumwacha nje ndiko kulikokuwa bei ya kuipitisha sheria yenyewe.

Tuanze na walichokuwa wakikilalamikia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka 1865, nchi ya wakulima iligeuka kuwa nchi ya viwanda kwa kasi ya kutisha. Chicago ilikuwa na watu wapatao 30,000 mwaka 1850. Kufikia 1900 walikuwa karibu 1,700,000. Meli zilishusha wahamiaji kutoka Italia, Poland na Urusi, na mwaka 1907 pekee zaidi ya watu milioni moja waliingia kupitia kituo cha Ellis Island, New York. Makampuni nayo yalimezana. Standard Oil ya John D. Rockefeller ilifika mahali ikashika takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini. Mfanyakazi aliyekatwa mkono na mashine alikwenda nyumbani mikono mitupu, kwa sababu mahakama zilishikilia kwamba aliijua hatari ya kazi yake alipokubali kuajiriwa. Fidia ya lazima haikuwepo.

Waliojitokeza kudai mabadiliko hawakuwa chama kimoja. Walikuwamo wakulima waliochoshwa na nauli za reli, wanawake wasomi ambao vyuo viliwapa shahada lakini jamii haikuwapa kazi, waandishi wa magazeti, wachungaji, wafanyakazi wa vyama vya wafanyakazi, hata baadhi ya wenye mali walioogopa kwamba hali ikiachwa hivyo itazaa mapinduzi. Walikuwamo katika chama cha Republican na katika chama cha Democratic pia. Kitu kilichowaunganisha kilikuwa imani: kwamba maovu ya jamii yanaweza kuchunguzwa, kuhesabiwa na kuandikwa, na kwamba wananchi wakishaonyeshwa ushahidi watailazimisha serikali itunge sheria.

Mfano mzuri wa imani hiyo ni Hull House, nyumba ambayo Jane Addams na Ellen Gates Starr waliifungua mwaka 1889 katika mtaa wa wahamiaji huko Chicago. Kulikuwa na chekechea, madarasa ya jioni na bafu za kuogea. Lakini wanawake waliokaa humo walifanya pia kazi ya utafiti. Florence Kelley alipita nyumba kwa nyumba akiandika nani anashona nguo chumbani mwake, kwa ujira gani, na watoto wangapi wanamsaidia. Matokeo yake yalipochorwa kwenye ramani, kila nyumba ilipakwa rangi kulingana na mshahara wa wakazi wake. Mwaka 1893 gavana wa Illinois alimteua Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo, wakati ambapo mwanamke huyo huyo hakuruhusiwa kumpigia gavana kura.

Waandishi walifuata njia ileile. Ida Tarbell, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wa mafuta wa Pennsylvania walioumizwa na Rockefeller, alichimbua kumbukumbu za mahakama na nyaraka za serikali akachapisha mfululizo wa makala kuhusu Standard Oil kati ya 1902 na 1904. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliamuru kampuni hiyo ivunjwe, ikagawanywa vipande 34. Hapa pana funzo ambalo hadithi za ushindi huliruka: hisa za vipande hivyo zilipanda bei, na Rockefeller akawa tajiri kuliko mwanzo.

Upton Sinclair alipatwa na jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1904 alikaa wiki saba kwenye machinjio ya Chicago, akaandika riwaya iliyotoka 1906 kuhusu mateso ya wafanyakazi wahamiaji. Wasomaji walishika kurasa chache zilizoeleza nyama iliyooza na panya waliosagwa pamoja na soseji. Ghadhabu ikapanda, na Juni 30, 1906, Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria mbili kwa siku moja, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa chakula na dawa. Sinclair mwenyewe alisema alilenga moyo wa umma, kwa bahati mbaya akaupiga tumboni. Gharama ya ukaguzi, dola milioni 3 kwa mwaka, ilibebwa na walipa kodi, na makampuni makubwa yakapata muhuri wa serikali wa kuuzia nyama yao nje ya nchi. Mlaji alilindwa. Mchinjaji aliyesimama kwenye damu saa kumi kwa siku hakutajwa.

Ili sheria imguse mfanyakazi mwenyewe, ilibidi watu wafe mbele ya macho ya jiji.

Jumamosi jioni ya Machi 25, 1911, moto ulizuka kwenye ghorofa ya 8 ya jengo la Asch, karibu na bustani ya Washington Square, New York. Ghorofa tatu za juu zilikuwa za kiwanda cha Triangle kilichoshona blauzi, chenye wafanyakazi wapatao 500, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano. Vitambaa vilining'inia juu ya meza, vipande vya nguo vilijaa kwenye mapipa. Kwenye ghorofa ya 9 mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja ili mikoba yao ipekuliwe. Ngazi ya chuma ya nje ilikatika kwa uzito wa watu. Ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Waendesha lifti walipanda na kushuka kuokoa watu mpaka lifti ziliposhindwa. Wengine waliruka madirishani, baadhi wameshikana mikono, huku umati ukitazama kutoka barabarani. Watu 146 walikufa, 123 kati yao wanawake na wasichana. Wadogo kabisa walikuwa na miaka 14.

Wasichana hao walikuwa wameshasema. Mwaka 1909, maelfu ya washona blauzi wa New York waligoma baada ya Clara Lemlich, kijana mhamiaji, kupanda jukwaani kwenye mkutano na kutaka mgomo utangazwe pale pale. Viwanda vingi vidogo vilikubali kuelewana na chama cha wafanyakazi, Triangle ilikataa. Polisi waliokuwa wakiwakamata wagomaji mwaka ule ndio waliopanga majeneza mwaka 1911 ili jamaa waje kutambua maiti. Wenye kiwanda walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, wakaachiwa huru Desemba 1911 kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba walijua mlango ulikuwa umefungwa saa ile. Katika kesi ya madai, mwaka 1914, walikubali kulipa dola 75 kwa kila aliyekufa. Jengo lenyewe halikuungua kuta zake. Lipo mpaka leo, ni sehemu ya chuo kikuu.

Miongoni mwa waliotazama kutoka barabarani alikuwa Frances Perkins, mwanamke wa miaka 30 aliyekuwa akifanya kazi na shirika la Florence Kelley la kutetea walaji na wafanyakazi. Nitarudi kwake mwishoni. Kwa sasa itazameni tume iliyoundwa na jimbo la New York kuchunguza viwanda. Mwenyekiti wake alikuwa Robert Wagner na makamu wake Al Smith, wote wawili watu wa Tammany Hall, yaani ule mtandao wa siasa ambao wanamageuzi wasomi waliuona kuwa chanzo cha uoza wa jiji. Tammany iliishi kwa takrima: gunia la makaa wakati wa baridi, kazi kwa kijana wa mhamiaji, gharama za mazishi, kisha kura siku ya uchaguzi. Lakini Tammany ilijua wapiga kura wake wanaishi wapi, na waliokufa Triangle walikuwa mabinti wa wapiga kura hao. Smith na Wagner walitembelea viwanda, wakapanda ngazi mbovu kwa miguu yao, na ndani ya miaka mitatu jimbo likapitisha sheria zaidi ya 30: milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa ufunguo saa za kazi, kuwe na mazoezi ya kujiokoa na mifumo ya maji ya kuzimia moto.

Hiyo ndiyo sababu simwamini anayeigawa historia hii kati ya wanamageuzi safi na vigogo wachafu. Mwaka 1912 Perkins alishinda vita vya kupata sheria iliyoweka ukomo wa saa 54 za kazi kwa wiki kwa wanawake wa New York. Wabunge walimwekea sharti: viwanda vya kufunga matunda na mboga kwenye makopo visiguswe. Kelley alikuwa amekwisha kumwonya asikubali kuwatoa wanawake hao. Perkins alikubali, akihofia kwamba bila hivyo hakuna mwanamke hata mmoja ambaye angepata kitu. Wa makopo waliingizwa baadaye. Lakini hesabu aliyoifanya siku ile, wengi wapate leo na wachache wasubiri, ilirudiwa mara nyingi nchini humo, na si wote walioambiwa wasubiri waliofikiwa upesi.

Ukuta mkubwa kuliko mabunge ulikuwa mahakama. Mwaka 1905, katika kesi ya Lochner, Mahakama ya Juu ilifuta kwa kura 5 dhidi ya 4 sheria ya New York iliyosema mwoka mikate asifanye kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki. Hoja ya majaji ilikuwa kwamba mwajiri na mwajiriwa ni watu huru, na serikali haina ruhusa ya kuingilia mapatano yao. Jaji Oliver Wendell Holmes alipinga, akisema katiba haikuandikwa ili kubeba nadharia moja ya uchumi. Shikeni jina lake.

Miaka mitatu baadaye mwenye dobi mmoja wa Portland, Oregon, alishtakiwa kwa kumfanyisha mwanamke kazi kwa zaidi ya saa kumi kwa siku. Wakili Louis Brandeis, akisaidiwa na shemeji yake Josephine Goldmark aliyekusanya takwimu, aliwasilisha andiko la kurasa zaidi ya 100. Kurasa mbili hivi tu zilikuwa za hoja za sheria. Zilizobaki zilikuwa ripoti za wakaguzi wa viwanda na madaktari kutoka Marekani na Ulaya. Majaji wote walikubali. Walichokikubali, hata hivyo, ni kwamba mwili wa mwanamke ni dhaifu na kwamba yeye ni mama wa kizazi kijacho, hivyo taifa lina haki ya kumlinda. Mwoka mikate mwanamume alibaki palepale, na wanawake walipata ulinzi kwa sababu ambayo baadaye ilitumiwa kuwanyima kazi za usiku na zenye malipo mazuri.

Kwa watoto njia ilikuwa ndefu zaidi. Sensa ya 1900 ilihesabu watoto zaidi ya 1,700,000 wa umri wa miaka 10 hadi 15 waliokuwa wakifanya kazi. Lewis Hine, mpiga picha wa kamati ya taifa ya kupinga ajira za watoto, aliingia viwandani kwa kujifanya muuza Biblia au mkaguzi, akapima kimo cha watoto kwa vifungo vya koti lake na kuandika kisirisiri mfukoni. Picha zake za watoto waliosimama kati ya mashine za pamba huko Carolina bado zinanichoma kila nizionapo. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1916. Mahakama ya Juu ikaifuta mwaka 1918. Na hata sheria hiyo iliyofutwa ilihusu viwanda na migodi. Mashamba hayakuguswa, na huko ndiko walikokuwa watoto wengi, wakiwemo karibu wote wa familia za weusi waliochuma pamba Kusini, yaani kwenye majimbo yaliyokuwa ya utumwa.

Sasa tufike kwenye kura, ambako fundo limekaza kuliko kwingine. Huko Wisconsin, gavana Robert La Follette aliuvunja ukiritimba wa vigogo waliokuwa wakiteua wagombea vyumbani. Mwaka 1904 wapiga kura wa jimbo waliidhinisha sheria ya wagombea kuchaguliwa na wananchi wenyewe kwa kura za mchujo. Oregon ilikwisha kuwapa wananchi mwaka 1902 uwezo wa kuanzisha sheria kwa kukusanya saini na kuipigia kura moja kwa moja. California, ambako kampuni ya reli ya Southern Pacific ilichorwa magazetini kama pweza aliyelikamata jimbo kwa mikono yake minane, ilipitisha mambo hayo mwaka 1911 chini ya gavana Hiram Johnson, ikaongeza na uwezo wa kumwondoa kiongozi kabla muda wake haujaisha. Karatasi ya kura ikawa ya siri na ya serikali, badala ya ile iliyochapishwa na vyama kwa rangi ili wakala aone nani anamchagua nani.

Zana hizohizo zilipofika Kusini zilifanya kazi ya kufuta watu. Kwa kuwa huko chama cha Democratic hakikuwa na mpinzani, anayeshinda mchujo ndiye aliyeshinda uchaguzi, na mchujo ukatangazwa kuwa wa weupe pekee. Karatasi ya siri ilimtaka mpiga kura ajue kusoma, na sheria zikaongeza mitihani ya kusoma, kodi ya kura na daftari la wapiga kura lenye masharti, vyote kwa jina la kuusafisha uchaguzi. Katiba ya Louisiana ya 1898 ilimsamehe mtihani mtu ambaye baba au babu yake alikuwa mpiga kura kufikia Januari 1, 1867, tarehe ambayo karibu hakuna mweusi wa jimbo hilo aliyekuwa na haki hiyo. Mwaka 1896 Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 daftarini. Mwaka 1904 walibaki 1,342. James Vardaman, gavana wa Mississippi aliyepatikana kwa mchujo wa kwanza wa namna hiyo mwaka 1903, alipambana na makampuni makubwa na mtindo wa kukodisha wafungwa, na hapohapo akataka fedha za shule za weusi zikatwe. Wapiga kura wake hawakuona mgongano. Neno wananchi, kwao, lilikuwa na rangi.

Kaskazini nako idadi ilishuka. Mwaka 1896 waliojitokeza kupiga kura ya urais walikuwa karibu asilimia 79 ya wenye haki; mwaka 1912, uchaguzi ule maarufu ambapo Roosevelt, Wilson, Taft aliyekuwa rais wakati huo, na msoshalisti Eugene Debs walishindana wote kwa ahadi za mageuzi au za mapinduzi, walikuwa chini ya asilimia 60. Mtandao wa vigogo ulikuwa na uchafu wake, lakini ndio uliomtoa mhamiaji nyumbani akapige kura. Ulipodhoofishwa, hakukuwa na aliyekwenda kumgongea mlango.

Weusi wa Marekani hawakukaa kungoja. Ida B. Wells, mwandishi wa Memphis ambaye ofisi ya gazeti lake ilivunjwa na wahuni mwaka 1892, alitumia njia ya kuhesabu kabla waandishi wa New York hawajapata sifa kwayo. Alikusanya taarifa za mauaji ya kunyonga kutoka magazeti ya weupe wenyewe, akaonyesha kwamba katika mengi ya mauaji hayo tuhuma ya ubakaji, iliyotumiwa kuyahalalisha, haikutolewa kabisa. Machi 3, 1913, alipofika Washington kuandamana na wanawake wa Illinois, waandaaji walimtaka aende nyuma na weusi wenzake ili wanawake wa Kusini wasiudhike. Alikaa pembeni kati ya watazamaji, na msafara wa Illinois ulipopita akaingia katikati yao. Mwaka 1909, baada ya ghasia dhidi ya weusi huko Springfield, mji wa Abraham Lincoln, kilianzishwa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. W.E.B. Du Bois akawa mhariri wa jarida lake. Du Bois alimuunga mkono Wilson mwaka 1912, akaja kujuta. William Monroe Trotter, mhariri mweusi wa gazeti la Boston, alipokwenda Ikulu Novemba 1914 kulalamikia utengano wa ofisini, rais alikasirishwa na sauti yake na kuufunga mkutano.

Mabishano hayo yalifika hadi kwetu. Mwaka 1924 mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ulituma tume Afrika Mashariki kuchunguza elimu, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyeamini kwamba mweusi wa Kusini anafaa kwanza afundishwe kilimo, usafi na ufundi. Du Bois alikuwa ameshaipinga vikali ripoti yake kuhusu shule za weusi wa Marekani. Jones aliileta fikra ileile Kenya, na mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete kwa fedha za Marekani, kufundisha walimu ambao wangezunguka vijijini wakisaidia kuboresha shule, kilimo na usafi wa nyumba. Mpango huo ulikuwa umeanzia Virginia kwa kazi ya mwalimu mweusi, Virginia Randolph, mwaka 1908. Wazazi wengi wa Kenya walikuwa na ombi lao wenyewe: Kiingereza na shule za sekondari. Walipoona halijibiwi vya kutosha, Wakikuyu wakaanza kujijengea shule huru.

Limebaki suala la pombe, ambalo wengi huliona kama kichekesho cha wakati ule. Kwa mke ambaye mshahara wa mumewe uliishia kilabuni Ijumaa usiku, na ambaye sheria ya talaka na ya mali haikumpa pa kukimbilia, kupiga vita pombe kulikuwa njia ya kupigania chakula cha watoto. Ndiyo maana vuguvugu la kupinga ulevi na lile la kura ya wanawake yalikua pamoja. Kulikuwa na kikwazo cha fedha: kodi ya vileo ilikuwa ikiipa serikali kuu zaidi ya robo ya mapato yake. Kodi ya mapato ya 1913, iliyoanza kwa asilimia 1 na kuwagusa wachache wenye kipato cha zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka, ilionyesha kwamba serikali ingeweza kuishi bila bia. Vita dhidi ya Ujerumani vikaongeza chuki juu ya wenye viwanda vya bia, ambao wengi walikuwa na asili ya Kijerumani. Marufuku ikaidhinishwa Januari 1919, ikazaa magendo na majambazi wenye fedha, na ikafutwa Desemba 1933.

Kura ya wanawake ilipita Agosti 1920, jimbo la mwisho lililohitajika likiwa Tennessee. Harry Burn, mbunge wa miaka 24, alikuwa ametarajiwa kupinga. Mfukoni alikuwa na barua ya mama yake iliyomtaka aunge mkono. Akabadilisha kura. Mwanamke mweusi wa Tennessee mjini aliweza kupiga kura mwaka ule. Wa Mississippi au Alabama alikutana na mitihani na kodi zilezile zilizomzuia mumewe, na wengi wao walisubiri hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965.

Holmes naye tumfuate. Mwaka 1907 Indiana ilitunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu walioitwa wapungufu wa akili au wahalifu wa kuzaliwa. Majimbo mengine yakafuata, yakiongozwa na madaktari na maprofesa waliotumia takwimu na ukaguzi wa familia, zana zilezile za Hull House. Mwaka 1927 kesi ya msichana maskini wa Virginia ilifika Mahakama ya Juu. Kwa kura 8 dhidi ya 1 majaji waliiruhusu serikali imfunge uzazi. Aliyeandika hukumu ni Holmes, yuleyule aliyemtetea mwoka mikate. Brandeis, aliyekuwa sasa jaji, alikuwa upande wake. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa uzazi Marekani kwa sheria za aina hiyo. Hapa siwezi kusema ilikuwa bei ya kupata kingine. Hakuna kilichonunuliwa. Waliamini tu kwamba mtaalamu akishahesabu, anayehesabiwa hana la kusema.

Frances Perkins aliingia serikali kuu mwaka 1933 akiwa waziri wa kazi wa Rais Franklin Roosevelt, mwanamke wa kwanza wa Marekani kuwa waziri. Alisema baadaye kwamba siku ya moto wa Triangle ndiyo siku mageuzi ya serikali hiyo yalipozaliwa. Mwaka 1935 wazee na wasio na kazi walipata hifadhi ya jamii. Mwaka 1938 ilikuja sheria iliyopiga marufuku ajira za watoto viwandani, ikaweka kima cha chini cha senti 25 kwa saa na wiki ya saa 44, wanaume kwa wanawake. Bungeni kamati muhimu zilikuwa mikononi mwa wabunge wa Kusini, waliofika huko kwa ile michujo ya weupe. Katika sheria zote mbili vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje, na kazi hizo mbili ndizo zilizowaajiri weusi wengi wa Kusini. Sehemu ya vibarua wa mashambani waliingizwa kwenye kima cha chini mwaka 1966. Watumishi wa majumbani walisubiri hadi 1974.